Tangazo la Mjomba Lisilotaja Kazi

Mama Swichi alivua spika za masikioni, akazibwaga mezani na kusema kwa sauti iliyowafikia mafundi wa matairi kule chini, "Mtu huyu ataniua kabla ya siku zangu!"

Mtu mwenyewe hakuwa adui wala jirani mkorofi. Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja ziwa moja, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Na ukitaka kujua namna ndugu anavyoweza kukupandisha presha kuliko adui, mwandikie tangazo la biashara.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya matairi. Mashine ya kujazia upepo ikianza kunguruma, vikombe hucheza juu ya meza na mtu hulazimika kushika chake. Dirisha halikufunga vizuri, harufu ya mpira ulioungua ilipanda ngazi bila kubisha hodi, na kompyuta mbili zilikaa mgongo kwa mgongo kama watu waliogombana. Moja ilikuwa ya Meneja, kijana mpole mwenye miwani, ambaye chai yake ilikuwa haipati kunywewa ikiwa moto. Ya pili ilikuwa ya Mama Swichi.

Kazi yao ni hii. Mtu mwenye shida huandika shida yake kwenye simu, na tangazo humtokea. Chini ya tangazo kuna kitufe cha kupiga. Akikigusa tu, mwenye tangazo amelipia, awe amepata mteja au amepata mtu anayeuliza ni saa ngapi. Simu hupitia kwanza namba ya ofisi, ambako hurekodiwa, ndipo inapomfikia mwenye biashara. Kuna sauti ya mashine inayowaambia wapigaji mapema kwamba wanarekodiwa, nao hawaisikilizi. Mama Swichi huyaandika yale maneno machache ya tangazo, halafu husikiliza simu zilizoletwa na maneno yake, aone kama walioitwa ndio waliokuja.

Jina la Mama Swichi alilipata zamani, alipokuwa akikaa kwenye swichibodi ya hospitali, akiwaunganisha watu na wodi, na wodi na madaktari. Swichibodi ilipong'olewa, waya zilikwenda, jina likabaki. Sasa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mtandio begani na peremende za koo kwenye mkoba, na subira yake, kama alivyosema mwenyewe, aliimaliza kulekule hospitalini.

Mjomba alikuwa na gari la kunyonya vyoo. Tuseme hivyo hivyo, maana habari yote hii ni ya watu kushindwa kusema hivyo. Lilikuwa gari kubwa la kijani, tangi mgongoni, pampu ubavuni, nalo lilimsomesha Mama Swichi, likamsomesha na binti wa Mjomba, likajenga nyumba ya vyumba vinne. Lakini mji umekuwa mkubwa, wenye magari mapya wamekuwa wengi, na wateja wa Mjomba waliomjua kwa sura walikuwa wanazeeka na kuhama. Gari likaanza kulala. Kisha likalala mfululizo, magurudumu yakapungua upepo, kuku wakapata mahali pa kivuli. Akaja mnunuzi mmoja, akalizunguka, akalipiga teke tairi, akasema atarudi mwisho wa wiki.

Ndipo Mama Swichi alipomwambia, "Mjomba, biashara ni matangazo. Niachie mimi."

"Chema chajiuza, mwanangu," Mjomba alisema. "Kibaya ndicho chajitembeza."

"Sasa chako chema kimelala uani na kuku."

Mjomba akakubali, lakini kwa sharti moja. Maneno ya tangazo atayataja yeye mwenyewe. Akaketi vizuri kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cheupe, akakohoa, akatamka taratibu kama mtu anayetoa salamu mbele ya wageni: "Karibuni wateja wetu wapendwa. Tunawahudumia kwa heshima, uaminifu na usiri. Simu yako ni furaha yetu."

Mama Swichi alingoja. Mjomba naye alingoja.

"Basi?" aliuliza Mama Swichi.

"Basi. Kwani kuna adabu iliyobaki nje?"

"Mjomba, adabu imejaa tele. Kazi je? Mtu atajuaje unafanya nini?"

"Mwenye shida atapiga, tutaongea. Mambo mengine hayaandikwi mahali ambapo watoto wanasoma."

Mama Swichi akaliweka tangazo hivyo hivyo, Mungu amsamehe, kwa sababu ni mjomba. Na simu zikaja, tena nyingi! Mmoja aliuliza kama wanakopesha. Mwingine aliuliza kama wanakodisha viti vya harusi. Mama mmoja alisoma neno usiri, akafunga mlango wa chumba chake, akaanza kulia na kueleza mambo ya mumewe tangu mwanzo wa ndoa, na Mjomba badala ya kumkatiza akamwambia, "Pole sana mama, na yeye anasemaje?" Mzee mmoja alisema, "Mimi nimebonyeza tu, mwanangu. Kwani ninyi ni akina nani?" Wakasalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, wakafika kwenye maumivu ya magoti. Kitu pekee ambacho hawakukigusa ni kazi. Mama Swichi alizisikiliza simu zote hizo, na mbele ya kila moja akaandika si mteja, si mteja, si mteja, hadi kalamu ikamchosha.

Alikwenda kwa Mjomba, akamsihi. Mjomba akalegeza kamba kidogo, akaruhusu iandikwe "Huduma za Usafi wa Mazingira." Hapo sasa wakapiga wanaotaka kufagiliwa ua, wanaotaka kufuliwa mazulia, na kundi zima la vijana wanaotafuta kazi ya kufagia. Mama mmoja alitaka msichana wa kazi asiyelala sana.

"Mjomba, andika choo," Mama Swichi alisema. "Neno moja tu."

"Siandiki."

"Neno choo lina ubaya gani? Wewe huendi?"

"Naenda, lakini sitangazi!"

Sababu haikuwa adabu peke yake, na Mama Swichi aliijua. Ukutani, juu ya televisheni, palikuwa na picha kubwa ya harusi ya binti wa Mjomba, Mjomba mwenyewe akiwa na suti ya kuazima na ua kifuani. Siku familia mbili zilipotambulishana, upande wa mwanamume uliuliza kwa upole mzee mwenzao anajishughulisha na nini. Kabla Mjomba hajafumbua mdomo, rafiki yake aliyekuwa msemaji wa upande wao akajibu haraka, "Usafirishaji." Wakwe wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjomba akatazama chini, akaliacha neno lipite, na neno likishapita mbele ya wakwe halirudi. Tangu siku hiyo alikuwa msafirishaji. Akamwonya binti yake kwa kidole, "Kwa mumeo na kwa nyumba yake yote, ukiulizwa, baba ni msafirishaji." Binti akaitikia, akaenda kwa mumewe, na kwa kuwa aliishi nyumba moja na mama mkwe wake, siri hiyo aliilinda mchana na usiku.

"Mkwe akiliona tangazo?" Mjomba alimuuliza Mama Swichi. "Akiona jina la kazi yenyewe, namba ikaja kwangu, mwanangu atatazamwa vipi mezani kwao?"

"Na gari likiuzwa, utatazamwa vipi mezani kwako?"

Mjomba aliwasha redio.

Sasa Meneja naye akachoka, na mtu mpole akichoka ni hatari kuliko mkali. Alimwita Mama Swichi kwenye kompyuta yake, akashika kikombe kisidondoke, akamwonyesha mstari uliokuwa ukishuka.

"Mama, ubora wa tangazo hili umeanguka kabisa. Halisemi kitu, kwa hiyo linatokea kwa watu ambao hawana shida hiyo, nao wanapiga kwa kudadisi tu. Wenye shida ya kweli wanatafuta neno choo, sisi hatunalo, hawatuoni. Kila simu mbovu inalishusha zaidi."

"Najua, mwanangu. Unamwambia mlevi habari za pombe."

"Basi hadi mwisho wa wiki. Aseme anachofanya, au nalitoa. Siwezi kumlipisha mzee wa watu kwa salamu."

Mwisho wa wiki ndiyo siku ya mnunuzi wa gari. Mama Swichi alirudi kwenye kiti chake akiwa na hasira ambayo haikujua imwangukie nani. Meneja alisema kweli. Mjomba alikuwa mzee. Wakwe hawakuwa na kosa lolote zaidi ya kuuliza swali. Akavaa spika zake, akafungua simu ya mwisho ya asubuhi hiyo, na hiyo ndiyo iliyomtia wazimu.

Alikuwa mwalimu mkuu wa shule fulani. Alikuwa amelipata tangazo kwa bahati tu, baada ya kukosa mengine, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye maji yamemfika shingoni, tena si maji.

"Samahani, ninyi mnanyonya mashimo ya choo?"

Mama Swichi aliinuka kitini kwa furaha. Mteja! Mteja wa kweli, shule nzima, mashimo mangapi sijui!

Kwenye rekodi, Mjomba alisema, "Karibu sana mwalimu. Habari za shule?"

"Si nzuri. Mnanyonya?"

"Sisi tunashughulika na mambo ya namna hiyo hiyo."

"Namna ipi?"

"Hiyo ya… mambo ya majumbani. Ya nyuma ya nyumba."

"Mzee, mimi nina watoto hapa wamesimama foleni na hawana pa kwenda. Mna gari la kunyonya choo au hamna?"

"Usafiri upo, mwalimu. Tutaelewana tu."

"Usafiri wa nini? Sitaki usafiri!" mwalimu alisema, na simu ikakatika.

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, lakini wahenga hawakupata kumwona mtu anayeuficha hata kwa mkunga mwenyewe aliyekuja kuzalisha. Mama Swichi alikaa akiitazama kompyuta. Halafu akaanza kugonga kibodi kwa nguvu hata Meneja akageuka. Hakumpigia Mjomba. Hakuomba ruhusa. Alifuta karibuni, akafuta wapendwa, akafuta heshima, uaminifu na usiri, akafuta na usafi wa mazingira, na mahali pake akaandika:

Tunanyonya Mashimo ya Choo. Limejaa? Gari linakuja leo. Nyumba, shule, hoteli. Piga simu.

"Amekubali?" aliuliza Meneja.

"Nimekubali mimi," alisema Mama Swichi, akamega peremende ya koo kwa meno kama anayemega mfupa.

Mjomba simu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo tangazo lake mwenyewe hakuwahi kuliona. Alichoona ni simu. Na simu sasa zilikuwa za kushangaza kwa ufupi. "Limejaa. Mnakuja lini?" "Nipo nyuma ya soko, geti jeusi." "Hoteli hapa, harakisha mzee, wageni wanaondoka." Mjomba hakupata nafasi ya kuzunguka, kila mtu alifika na neno lake mkononi na yeye akabaki kuitikia ndiyo. Kuku walifukuzwa chini ya gari. Magurudumu yakajazwa upepo pale pale chini ya ofisi, na Mama Swichi alichungulia dirishani akaliona tangi la kijani likitoka, akashika mdomo wake.

Jioni Mjomba alimpigia. "Mpwa wangu, leo watu wamekuwa na akili ya ajabu. Hakuna aliyeniuliza tunafanya nini."

"Labda wameanza kuelewa, mjomba."

"Nilikuambia. Ukiwa mstaarabu, watu wanaelewa."

Mama Swichi alitamani kuing'ata simu. Akasema, "Ndiyo, mjomba," akakata.

Alijiapiza kwamba atamwambia. Atamwambia kesho, akishapata pumzi. Kesho ikafika, mstari wa ubora kwenye kompyuta ya Meneja ukawa unapanda, Meneja akanywa chai ikiwa moto kwa mara ya kwanza, na Mama Swichi akaahirisha tena. Akavaa spika, akaanza kusikiliza simu zilizoingia, mteja, mteja, mteja. Akafungua iliyofuata. Mwanamke. Sauti ya mtu mzima, iliyopangwa vizuri, ya mtu aliyezoea kukaa viti vya mbele.

"Hujambo baba. Nimeona tangazo lenu. Shimo letu limejaa. Nyumba ni ya kwangu, na nisingependa mambo makubwa, nataka tu mtu aje."

Mjomba hakujibu. Mama Swichi akadhani rekodi imekwama. Akaongeza sauti, akasikia mtu akivuta pumzi.

"Haloo?" alisema yule mama. "Mnanisikia?"

"Nakusikia," alisema Mjomba, kwa sauti ndogo sana. Kisha akasema, "Tangazo limesemaje?"

"Limesema mnanyonya mashimo ya choo. Hamnyonyi?"

Mama Swichi alikuwa ameshaijua sauti ile, aliisikia siku ya harusi ikitoa shukrani kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi. Alitaka kuivuta rekodi irudi nyuma, aifute, amfuate Mjomba apige magoti. Lakini yale yalikuwa yameshasemwa tangu asubuhi, na yeye ndiye aliyeyaleta.

"Tunanyonya," alisema Mjomba. "Shikamoo, mkwe."

"Nani mwenzangu?" Halafu, polepole, "Mkwe? Ni wewe?"

"Ni mimi, mkwe."

Kule chini mashine ya upepo ilianza kunguruma. Mama Swichi alibana spika masikioni kwa mikono miwili, akailaani karakana, matairi na wenye magari wote.

"Si uko kwenye usafirishaji?"

"Niko kwenye usafirishaji."

"Unasafirisha nini?"

"Hicho hicho, mkwe."

Mama Swichi alifumba macho. Alingoja dharau. Alingoja ile adabu baridi ambayo watu wa viti vya mbele huitumia badala ya tusi. Lakini yule mama alilipuka kama mtu wa kawaida kabisa.

"Sasa si ungesema! Miezi yote hii, mkwe! Miezi yote! Tunafungua madirisha, tunafunga madirisha, wageni tunawapokelea barazani tunawadanganya kuna joto ndani. Na sisi aibu inatushika, tunaona tutamwita nani, mtu baki aje na gari lake mlangoni majirani waone. Leo nimeona nitakufa na aibu yangu, nimechukua simu nimefunga macho. Kumbe mtu mwenyewe tumekula naye wali wa harusi!"

"Sikutaka muone aibu, mkwe. Kwa ajili ya binti."

"Binti!" Mama mkwe alisema, na sauti yake ikabadilika. "Binti yako ndiye anayelala chumba cha karibu na shimo. Ndiye anayemwaga dawa kila asubuhi. Mimi nikilalamika, yeye ananiambia, vumilia mama, tutapata mtu. Hakutamka neno. Hata siku moja hakusema baba yangu anafanya kazi hii."

Kwenye rekodi funguo za gari zililia mkononi mwa Mjomba.

"Nilimkataza," alisema Mjomba.

"Basi mwanao anasikia, mkwe. Anasikia kupita kiasi."

"Nakuja."

"Kesho?"

"Sasa hivi, mkwe. Nawasha gari."

Nyuma ya sauti ya mama mkwe, mbali kidogo, kama mtu anayetokea jikoni akifuta mikono, ikasikika sauti ya msichana. "Ni nani huyo, mama?"

"Ni baba yako. Anakuja na gari."

Kisha yule binti akaongea haraka haraka, kama mtu aliyeyabeba maneno hayo siku nyingi na hakuwa na pa kuyaweka.

"Mwambie asisahau ule mpira mrefu wa kunyonyea. Shimo liko nyuma kabisa, ule mfupi hautafika."

"Ninao," alisema Mjomba. "Mwambie ninao, mkwe. Mwambie baba anao."